Fedha Zilizoishia Wilayani: Kisa cha Ruzuku ya Shule za Msingi Uganda na Tangazo la Gazetini

Mwaka 1996 watafiti walizitembelea shule 250 za msingi za serikali, katika wilaya 18 za Uganda, wakiwa na swali ambalo mtu angedhani limekwisha kujibiwa siku nyingi. Katika kila shilingi 100 ambazo serikali kuu ilikuwa imezitoa kwa ajili ya matumizi ya shule hizo kati ya mwaka 1991 na 1995, mbali na mishahara, ni ngapi zilizofika shuleni? Walichukua hesabu za wizara mjini Kampala, wakachukua madaftari ya shule zenyewe, kisha wakaziweka hesabu hizo mbili kando kwa kando. Jibu lilikuwa shilingi 13. Na hata hiyo 13 ni wastani unaodanganya, kwa sababu shule nyingi hazikupata hata senti, ilhali chache zilipata sehemu nzuri ya haki yao.

Utafiti huo, ulioongozwa na Ritva Reinikka wa Benki ya Dunia akishirikiana na wenzake, wakiwamo Emmanuel Ablo na baadaye Jakob Svensson, haukuanza kama uwindaji wa wezi. Ulianza kama fumbo. Bajeti ya elimu ya msingi ilikuwa imeongezeka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini takwimu za serikali zilionyesha kwamba idadi ya wanafunzi imesimama palepale. Wachumi walitaka kujua ni kwa nini fedha nyingi zaidi hazileti watoto wengi zaidi darasani. Walipofika shuleni waligundua kwamba takwimu zote mbili zilikuwa na kasoro: watoto walikuwa wameongezeka kwa takriban asilimia 60 katika miaka hiyo mitano bila wizara kuwa na habari, na fedha ambazo wizara iliamini zimewafikia watoto hao hazikuwa zimewafikia. Yaani serikali ilikosea juu ya kile ilichokitoa na ikakosea pia juu ya kile kilichopatikana, na hakuna aliyeligundua hilo kwa sababu hakuna aliyekuwa na hesabu zote mbili mkononi kwa wakati mmoja.

Kisa hiki kimesimuliwa sana katika mikutano ya kimataifa. Kinasimuliwa hivi: fedha ziliibwa, serikali ikatangaza magazetini kiasi ilichokuwa ikituma, wizi ukakoma. Nchini Uganda kwenyewe ni wazazi wachache wanaokifahamu. Nadhani kimesimuliwa kwa haraka mno, na kwamba sehemu yenye mafunzo zaidi ni ile inayorukwa, yaani swali la nani hasa alilisoma tangazo hilo, alilisoma kwa lugha gani, na baada ya kulisoma aliweza kumwendea nani.

Ruzuku yenyewe haikuwa jambo gumu kulielewa. Kwa kila mwanafunzi aliyeandikishwa, serikali kuu ilitenga kiasi fulani cha shilingi kwa mwaka, kikubwa kidogo kwa madarasa ya juu kuliko ya chini, ili shule inunue chaki, vitabu na vifaa vingine na kulipia mahitaji madogo madogo ya uendeshaji. Mishahara ya walimu ilikuwa na fungu lake. Fedha za ruzuku zilitoka Hazina, zikapita katika utawala wa wilaya, na wilaya ndiyo iliyotakiwa kuzigawa kwa shule, ama taslimu ama kwa njia ya vifaa. Hapo kwenye neno kugawa ndipo mambo yote yalipotokea. Shule hazikuwa na waraka wowote wa kuwaambia ni kiasi gani kimetumwa, lini, na kwa kanuni gani. Mwalimu mkuu aliyepewa maboksi mawili ya chaki alishukuru, maana kwa kadiri alivyojua, huo ulikuwa ukarimu wa afisa elimu wa wilaya. Kwamba maboksi hayo yalikuwa haki ya shule yake, na kwamba yalikuwa sehemu ndogo tu ya haki hiyo, hakuwa na namna ya kujua.

Ni vizuri kukumbuka hali ya nchi wakati huo. Serikali ya NRM, vuguvugu la Yoweri Museveni, iliingia madarakani Januari 1986 baada ya vita na miaka mingi ya mporomoko, na shule zilikuwa zimeendelea kuishi kwa sababu wazazi walizibeba. Chama cha wazazi na walimu ndicho kilichojenga madarasa, kikanunua madawati, na mara nyingi kikamwongezea mwalimu posho ili asikimbilie biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya gharama za shule za msingi za serikali zilitoka mifukoni mwa wazazi. Mzazi aliyezoea kulipa kila kitu hakuwa na sababu ya kuuliza fedha za serikali ziko wapi. Mazoea hayo yaliilinda wilaya vizuri kuliko kufuli lolote, kwa kuwa upungufu wa shule ulionekana kuwa ni upungufu wa michango ya wazazi.

Je, fedha zilikwenda wapi? Hapa inafaa kuwa waangalifu. Utafiti ulipima kilichofika, haukupima kilikokwenda kisichofika. Sehemu iliingia mifukoni mwa watu, na Mganda yeyote angelitambua jambo hilo kwa jina, awe anasema enjawulo kwa Kiganda au kitu kidogo, neno ambalo Kiswahili chetu kimeukopesha ukanda mzima huu bila kudai riba. Lakini sehemu nyingine ilitumika kwa shughuli za utawala wa wilaya na kwa siasa za wilaya, kwa mambo ambayo afisa angeweza kuyatetea mbele ya wenzake bila kuona haya. Kwa mtoto aliyekosa kitabu tofauti hiyo haina maana, lakini kwa anayechambua ina maana kubwa: fedha ambazo mwenyewe hajui kwamba ni zake hugeuka haraka kuwa fedha za yeyote aliyezishika, na wala hazihitaji mtu mwovu ili zipotee.

Katika kisa hikihiki kuna ulinganisho ambao ninauona kuwa na thamani kuliko takwimu ile maarufu ya asilimia 13. Mishahara ya walimu ilitoka katika serikali ileile, kwa ajili ya shule zilezile, katika miaka ileile, lakini uvujaji wake ulikuwa mdogo zaidi. Maafisa wa wilaya hawakuwa watakatifu mwisho wa mwezi na wezi katikati ya mwezi. Tofauti ni kwamba kila mwalimu aliujua mshahara wake hadi shilingi ya mwisho, aliijua tarehe yake, na usipofika alijua ni mlango wa nani wa kugonga. Mshahara ulikuwa na mdai. Ruzuku ilikuwa na mlengwa, lakini mdai haikuwa naye. Mtoto wa darasa la pili hadai chaki.

Jambo jingine linalofanana na hilo lilijitokeza baina ya shule na shule. Zile zilizokuwa katika jamii zenye uwezo zaidi zilipata sehemu kubwa zaidi ya ruzuku zao. Kwa mujibu wa kanuni, kila mtoto alistahili kiasi sawa na mwenzake, lakini kwa vitendo shule yenye mwalimu mkuu anayejulikana wilayani, yenye wazazi waliosoma na wanaoweza kufunga safari hadi makao makuu ya wilaya, ilijua kwamba kuna kitu na ikakifuata. Ruzuku iliyokusudiwa kuwafikia wote kwa usawa iliishia kumwongezea aliyekuwa nacho. Wanaosema kwamba rushwa hulainisha mambo yaende wangefaa kuyatazama matokeo hayo kwa muda.

Matokeo ya utafiti yalipofika serikalini, Wizara ya Fedha na wenzake walichukua hatua ambayo haikugharimu fedha nyingi. Fedha za ruzuku zilizotumwa kwa kila wilaya zilianza kutangazwa kila mwezi katika magazeti makuu na katika matoleo yao ya lugha za wenyeji, na pia redioni. Baadaye shule na makao makuu ya wilaya zilitakiwa kubandika ubaoni kiasi walichopokea, mahali ambapo mtu yeyote anayepita angeweza kukisoma. Yaliyomo katika tangazo yalikuwa makavu kabisa: jina la wilaya, mwezi, kiasi. Hapakuwa na hotuba juu ya uzalendo wala picha ya waziri akikata utepe. Mwalimu mkuu aliyeijua kanuni ya kiasi kwa kila mtoto, na aliyeijua idadi ya watoto wake, aliweza kukokotoa nyuma ya daftari la mahudhurio kile ambacho shule yake ilistahili kupata, kisha akaangalia kile alichopewa.

Matokeo yake ndiyo yaliyokipa kisa hiki umaarufu. Utafiti wa pili ulipopima hali ya mwaka 2001, sehemu ya ruzuku iliyokuwa ikizifikia shule ilikuwa imepanda hadi zaidi ya asilimia 80. Katika mwaka 1995 hali ilikuwa kinyume chake, karibu asilimia 80 ilikuwa ikipotea. Reinikka na Svensson hawakuishia kwenye wastani huo. Walitazama umbali kutoka kila shule hadi mahali pa karibu panapouzwa magazeti. Waligundua kwamba walimu wakuu waliokuwa karibu na muuza magazeti waliifahamu zaidi kanuni ya ruzuku na tarehe za kutumwa kwake, na shule zao ziliongeza zaidi kile zilichopokea. Katika shule hizo waliona pia ongezeko la uandikishaji na, kwa kiasi kidogo, nafuu katika matokeo ya mitihani.

Hadi hapo simulizi ni tamu. Lakini mwaka 2007 mtafiti Paul Hubbard aliipinga, na hoja zake ni nzito kuliko zinavyopewa nafasi. Alikumbusha kwamba katika kipindi kilekile ambacho magazeti yalichapisha matangazo, mambo mengine mengi yalikuwa yakibadilika kwa pamoja. Sheria ya Serikali za Mitaa ilipitishwa mwaka 1997, na fedha za shule zikawa ruzuku zenye masharti ambazo wilaya haikuruhusiwa kuzihamishia kwingine. Mwaka 1997 huohuo ulianza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ule ambao wananchi waliuita Bonabasome, na uandikishaji ukaruka kutoka watoto takriban milioni 3.1 mwaka 1996 hadi milioni 5.3 katika mwaka mmoja. Mwaka 1998 Uganda ikawa nchi ya kwanza kupata nafuu ya madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na fedha zilizookolewa zikawekwa katika Mfuko wa Hatua dhidi ya Umaskini uliokuwa na fungu lake la ufuatiliaji. Juu ya yote hayo alikuwapo Emmanuel Tumusiime-Mutebile, Katibu wa Hazina aliyejulikana kwa kutocheza na shilingi, ambaye baadaye, kuanzia mwaka 2001 hadi kifo chake Januari 2022, aliiongoza Benki Kuu ya Uganda. Katika msitu wa mageuzi kama huo, kulinyooshea kidole gazeti peke yake ni kumsifu mpiga filimbi na kuisahau ngoma.

Watetezi wa gazeti wana jibu. Mageuzi hayo yote yalizigusa shule zote, lakini shule zilizokuwa karibu na gazeti zilinufaika zaidi, na tofauti hiyo haiwezi kuelezwa na sheria mpya wala na Katibu wa Hazina. Kwa maoni yangu jibu hilo linatosha kuthibitisha kwamba taarifa ilikuwa na mchango wake. Halitoshi kuthibitisha kwamba taarifa ingefanya kazi peke yake. Hebu tujaribu kumwona mwalimu mkuu mmoja wa mwaka 1993 akiwa ameshika tangazo lilelile mkononi. Anafika wilayani, anauliza, anaambiwa arudi wiki ijayo. Akirudi, anaulizwa kama ameridhika na kituo chake cha kazi au angependa kuhamishiwa mbali zaidi. Nani angemsikiliza? Mwaka 1999 mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu Rais alikuwa ameifanya elimu ya bure kuwa ahadi yake ya uchaguzi, Wizara ya Fedha ilikuwa na mamlaka ya kuizuilia fedha wilaya isiyotoa hesabu, na afisa wa wilaya alijua kwamba lalamiko la shule likifika juu litampata mtu mwenye sababu ya kulishughulikia. Tangazo lilimpa mwalimu mkuu hoja, na Hazina iliyokaza kamba ikaipa hoja hiyo meno.

Kuna kifani kutoka sekta ya afya kinachonifanya nilisisitize hilo. Mwaka 2004 na 2005 Svensson na Martina Björkman walifanya jaribio katika zahanati 50 za wilaya tisa za Uganda, ambapo wanavijiji walipewa taarifa juu ya utendaji wa zahanati yao na kuketi pamoja na wahudumu ili kukubaliana la kufanya. Matokeo yaliyoripotiwa yalikuwa makubwa mno, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa theluthi moja. Takriban muongo mmoja baadaye watafiti wengine walifanya jaribio la namna hiyo katika vituo 376, na safari hii hawakuona athari yoyote ya maana juu ya vifo. Nchi ni ileile na wazo ni lilelile. Kumpa mtu taarifa bila kumpa nguvu juu ya yule anayetajwa katika taarifa hiyo kunaweza kuleta mabadiliko mahali pamoja na kusilete kitu mahali pengine, kutegemea mambo ambayo hayamo ndani ya taarifa yenyewe.

Turudi kwenye shule, maana asilimia nazo zina ujanja wake. Ruzuku ilikua sana baada ya mwaka 1997. Chukua mfano wa hesabu tu: ukipoteza asilimia 80 ya shilingi 100, umepoteza 80, ukipoteza asilimia 20 ya shilingi 300, umepoteza 60. Uvujaji umeshuka kwa kishindo ukitazamwa kwa asilimia, ilhali aliyekuwa akila kutokana nao amepungukiwa kidogo tu. Sisemi kwamba shule hazikufaidika, kwa sababu shule ya mfano huu imepanda kutoka shilingi 20 hadi 240 na hayo ni mabadiliko ya kweli kabisa. Ninachosema ni kwamba swali la shule imepata nini na swali la mla rushwa amepoteza nini ni maswali mawili tofauti, na gazeti lilijibu la kwanza kuliko la pili. Maafisa waliokuwa wamezila fedha za miaka ya 1991 hadi 1995 hawakukumbwa na wimbi la kesi. Mfereji ulizibwa, lakini waliokuwa wakichota hawakuulizwa. Katika maana kamili ya uwajibikaji, yaani mtu kutoa hesabu ya alichokabidhiwa na kuonja matokeo ya alichokifanya, kisa hiki maarufu kina nusu moja tu.

Na palipozibwa, maji yalitafuta njia nyingine. Kanuni ya kulipa kwa kila kichwa ilipojulikana na kila mtu, ilimfundisha pia mwalimu mkuu kwamba kila jina jipya katika daftari lina thamani. Wanafunzi hewa wakazaliwa, na wamekuwa wakitajwa katika kaguzi za serikali mara kwa mara. Vilevile fedha zilipofika shuleni hazikuja na mwalimu. Katika utafiti wa kimataifa wa mwaka 2002 na 2003 uliofanywa kwa kuzitembelea shule bila taarifa, walimu asilimia 27 wa shule za msingi za Uganda hawakukutwa shuleni. Hakuna tangazo la gazeti linaloweza kumwonyesha mzazi kwamba mwalimu wa mtoto wake ameketi sokoni saa nne asubuhi, ingawa pengine mzazi mwenyewe ndiye amekutana naye huko wakasalimiana.

Baada ya miaka hiyo uwazi wa Uganda uliingia katika sheria. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 1995 ilikuwa tayari imempa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 ikaeleza namna ya kuitumia haki hiyo: raia anajaza fomu, anaipeleka kwa afisa wa taarifa, na afisa ana siku 21 za kujibu. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini linganisha njia yake na ya tangazo la ruzuku. Tangazo lilimfuata mwalimu mkuu kabla hajajua kwamba ana swali. Sheria inamngoja raia aje na swali tayari, ameshalitunga, ameshajua ni ofisi gani inayo nyaraka hizo, na ana ujasiri wa kuandika jina lake juu ya fomu. Mwalimu mkuu wa mwaka 1993 asingeweza kuitumia, kwa sababu hakujua kwamba kuna kitu cha kuuliza.

Mwaka 2012 ikaja kashfa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambapo ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilieleza jinsi mamilioni ya euro ya misaada, yaliyokusudiwa kuijenga upya kaskazini ya nchi baada ya vita vya waasi wa LRA, yalivyohamishwa. Hapa taarifa ilikuwapo, ilikuwa ya kina na ilikuwa hadharani. Wafadhili, Ireland na Norway wakiwamo, walisimamisha misaada na kudai chao, na Uganda ikarejesha fedha. Ireland ilirudishiwa euro milioni 4. Mhasibu mmoja mwandamizi alifungwa. Uwajibikaji ulitendeka, lakini angalia ulitendeka kwa nani. Aliyeombwa radhi na kurudishiwa fedha zake ni mtoaji. Mkulima wa Acholi, huko kaskazini, ambaye ng'ombe na jembe vingemfikia hakuwa na tangazo lililosema wilaya yake imetumiwa kiasi gani mwezi gani, kwa hiyo hakuwa na cha kudai. Aliyekuwa na hesabu mkononi ndiye aliyelipwa.

Kashfa hiyo iliisukuma Wizara ya Fedha kuukaza tena mfumo. Fedha za serikali ziliunganishwa katika akaunti moja ya Hazina, na kuanzia mwaka 2013 tovuti ya bajeti ikawekwa wazi ili mtu aweze kuona mgao wa kila wilaya, hadi ngazi ya shule na kituo cha afya. Ruzuku za shule nazo zikaanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule badala ya kupitia mikononi mwa wilaya. Kwa yule anayeyakumbuka matokeo ya utafiti wa mwaka 1996, hili ni jambo kubwa. Kituo kilekile kilichozimeza fedha kwa miaka kimerukwa.

Lakini kurukwa kwa wilaya kumembadilisha msomaji anayehitajika, na hapa ndipo naona mjadala wa uwazi nchini haujafika. Katika kisa cha zamani fedha zilikwamia juu ya mwalimu mkuu, kwa hiyo mwalimu mkuu ndiye aliyehitaji kujua, naye alikuwa mtu wa kusoma gazeti la Kiingereza, wa kupiga hesabu na wa kuandika barua. Sasa fedha zinafika kwake. Zikipotea, zinapotea baina yake na darasa. Anayehitaji kujua ni mzazi na kamati ya shule, na huyo ni msomaji mwingine kabisa. New Vision, kampuni ya magazeti, kwa miaka mingi ilitoa magazeti kwa Kiganda, kwa Runyankore-Rukiga, kwa Ateso na kwa Kiluo. Kiswahili hakikuwa katika orodha hiyo. Kilifanywa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likalisisitiza jambo hilo mwaka 2022, ila bado kinatajwa katika maazimio kuliko kinavyoonekana katika mbao za matangazo.

Nilisimama mbele ya ubao mmoja wa namna hiyo katika shule ya msingi ya upande wa Busia, ambako soko, boda boda na mpaka wenyewe vinaendeshwa kwa Kiswahili, na wazazi nyumbani wanasema Kisamia au Ateso. Sheria ilikuwa imetimizwa. Karatasi ilikuwapo, nyuma ya kioo, ikionyesha ruzuku ya muhula, mafungu yake na saini ya mwalimu mkuu. Yote yalikuwa kwa Kiingereza, kwa maneno ya kihasibu, na jua lilikuwa limekwisha kuila wino wa safu ya mwisho, ile ya kiasi kilichotumika. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alikuwa amesimama kando yangu. Nikamuuliza kama anajua karatasi ile inasema nini. Akasema, "Hiyo ni ya ofisi, mwanangu. Ya wazazi huwa tunaambiwa kwenye mkutano, wakitaka mchango."